Usimlishe Mamba

Kule Florida, Marekani, watu wengi wamejenga kando ya maziwa na mifereji, nako mamba waitwao aligeta wamo katika wilaya zote 67. Wakaaji huonywa waogelee mchana tu, maana mamba huwinda zaidi tangu jua kuchwa hadi alfajiri. Wafunge mbwa kamba, wala wasiwaache watoto peke yao ukingoni.

Lakini kosa kubwa ni kumlisha. Kwa kawaida mamba huyu humwogopa mtu. Akizoea kutupiwa chakula, hofu humtoka, naye husogelea nyumba. Kwa hiyo sheria yakataza. Mwenye kutupa chakula alijifurahisha. Atakayeumwa huenda akawa mtoto wa jirani. Wazazi, huruma isiyo na busara si huruma.