Gari Limekosa Sailensi

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niligusia habari za gari langu, mwenzangu akanikatisha kwa kicheko tukahamia mambo mengine. Tangu hapo meseji haziishi: "Dada, gari lilipona?" Lilipona. Naeleza hapa lilivyopona, maana najua wengi wenu mnaendesha gari kuukuu la mzazi kama mimi, na huku Uingereza fundi akifungua mdomo tu ni mamia ya pauni.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la petroli, lita 1.6, la mwaka 2010. Lilikuwa la baba mpaka macho yakamshinda, akanikabidhi funguo. Mimi naishi Coventry, wazazi wako Leicester, kwa hiyo kila Jumamosi nakamata M69 kwenda kuwaona na kumpeleka mama sokoni. Jumamosi moja, mama ndani, gari likazima katikati ya kipilefti. Lori nyuma yetu, honi, mama kashika mlango kwa mikono miwili anasoma dua. Niliwasha mara mbili ndipo likakubali. Tulipofika mama akasema kwa upole, "Mimi hili sipandi tena mpaka litengenezwe." Na mama akisema kwa upole, ujue kamaliza.

Cha ajabu, kwenye barabara kuu gari lilikuwa zima kabisa. Shida ilikuja likisimama. Kwenye taa nyekundu mshale wa mizunguko unashuka hadi 500, unaruka 1,100, unashuka tena, usukani unatetemeka mkononi. Baadaye taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. MOT ilikuwa imebaki wiki tatu, na gari la petroli la umri huu likienda na taa hiyo imewaka, linafeli. Gereji ya kwanza walilitazama dakika tano, wakasema throto imekufa, ibadilishwe pamoja na sensa, pauni 480. Nikawaambia nitafikiria.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Gari inasemaje?"

Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha kuungaunga: ikisimama inatetemeka, inapanda, inashuka, inataka kuzima. Akanyamaza kidogo. "Aaa. Imekosa sailensi."

Hilo neno nimelisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi nilidhani maana yake gari linapiga kelele. Kumbe kwa mafundi wa Dar sailensi ni ule mwendo wa injini inapozunguka yenyewe, mguu wako haujagusa mafuta. Limetoka kwenye Kiingereza, sawa, lakini mwambie fundi wa Coventry kwamba gari lako limekosa "silence" uone atakavyokutazama.

Kabla ya kuja huku baba alikuwa dereva teksi, ana Datsun 120Y yenye kabureta. Sailensi ikisumbua, anachukua bisibisi, anazungusha skrubu, anasikiliza, basi. Leicester nako kila Jumapili boneti ilikuwa wazi, kaka yangu ndiye anaitwa kushika tochi. Mimi niliitwa kuleta chai. Sina kinyongo. Haya, kinyongo kidogo kipo.

"Ipandishe kidogo kwa skrubu," akasema.

"Baba, hii haina skrubu. Kompyuta ndiyo inafungua na kufunga throto."

"Basi isafishe hiyo throto."

Nikaisafisha. Nilitoa betri kwanza, nikapuliza dawa kwenye kitambaa, nikafuta masizi taratibu bila kulazimisha kile kisahani kwa kidole, kwa sababu kinaendeshwa na mota ndogo na ukikisukuma unaweza kuiharibu. Masizi yalitoka mengi. Nikawasha gari kwa matumaini: mizunguko 1,500! Yaani nimeharibu zaidi. Baadaye nikaelewa kwamba kompyuta ilikuwa imezoea throto chafu, ikiifungua zaidi ili hewa ipenye. Masizi yakiondoka, inahitaji muda kujifunza upya. Baada ya siku mbili ikashuka. Ule mtetemeko ukarudi pale pale.

Hapo ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Magari mapya ya petroli Ulaya yamekuwa na tundu la kusomea kompyuta tangu miaka ya 2000 mwanzoni, mara nyingi chini ya usukani. Nilinunua kifaa cha pauni 18 kinachoongea na simu. Kodi ikatoka: P0171, maana yake injini inapata mafuta kidogo kuliko hewa iliyopo. Wengi wakishaiona wanakimbilia kununua sensa. Msikimbie. Kodi inakwambia injini inalalamikia nini. Ni nani kaisababisha, hapo bado.

Nilichotazama ni marekebisho ya mafuta, ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye hesabu yake. Gari likiwa limesimama: asilimia 24 juu. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 nikashikilia: ikashuka hadi 5. Ukielewa kwa nini imeshuka, umemaliza nusu ya kazi. Petroli inaungua vizuri ikichanganywa na hewa mara 14.7 ya uzito wake, kwa hiyo kuna sensa mlangoni inayopima hewa inayoingia. Kukiwa na tundu mbele ya sensa hiyo, hewa inapenya bila kuhesabiwa. Injini ikiwa kwenye sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hata tundu dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ikienda kasi inavuta hewa nyingi, tundu lile lile linakuwa si kitu. Kama sensa yenyewe ingekuwa chafu, kwa kawaida hesabu ingezidi kuharibika kwenye kasi, siyo kutengemaa.

Nikampigia tena, nikamsomea namba. Hakuzijali. Akasema, "Inavuta hewa ya wizi. Njoo nayo."

Jumamosi nikaenda, polepole, peke yangu. Baba akatoka na koti juu ya kanzu, tochi mkononi, na kipande cha mpira wa bustani urefu wa mkono. Weka ncha moja sikioni, akasema, nyingine ipitishe karibu na mabomba, na iweke mbali na mkanda na feni. Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta wasikilize injini ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa ile inashika moto na injini ni ya moto, mimi sithubutu.

Nikainama. Baba ananimulikia, lakini kwa macho yale tochi inamulika betri. "Hapo?" "Hapana baba, kushoto." Nilipofika kwenye mpira wa kupumulia injini, ule unaorudisha moshi wa ndani kwenye njia ya hewa, nikasikia ssssss ndani ya sikio, wazi kabisa. Nikaubinya kwa koleo: injini ikatulia hapo hapo, mshale ukasimama 700. Nilipoutoa nikakuta ufa chini ya kona, mahali ambapo jicho halifiki.

Mpira mpya ulikuwa pauni 14. Nikafuta kodi, nikaendesha wiki nzima, marekebisho yakawa asilimia 3, taa haikuwaka tena, MOT ikapita. Mama alikaa kiti cha mbele, tulipofika kwenye kipilefti akashika mlango, kisha akauachia.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Baba. Hakusubiri hata shikamoo.

"Gari la jirani linamisi. Njoo na hiyo mashine yako."