Pampu ya Duarani na Pampu ya Tangini

Mchimbaji mdogo wa Bugarama anaielewa pampu kuliko madereva wengi. Mwulize mtu ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limejaa maji baada ya mvua. Akienda dukani haulizi kwanza pampu inatoa lita ngapi, anauliza inapandisha maji mita ngapi. Anajua kwamba mashine inayomwaga maji kwa fujo pale mlangoni pa duka, bomba likiwa limelala chini, ikiteremshwa mita 40 inaweza kutoa mchirizi wa kunawia mikono tu. Anajua pia kwamba waya mwembamba uliovutwa kutoka kwenye jenereta ya mbali huichosha pampu kabla haijaanza kazi.

Mtu huyo huyo akienda Kariakoo kuitafutia Subaru yake pampu ya mafuta, ujuzi wote huo anauacha nyumbani. Anasoma namba za lita kwa saa kwenye boksi, 255, 340, 450, kisha anabeba iliyo kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Naandika makala hii kwa sababu nimefungua injini nyingi mno zilizotoboka pistoni, na wenye injini hizo walikuwa wamenunua pampu kubwa.

Kata yetu ya Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, inajulikana kwa mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kutoa dhahabu chini ya ardhi mwaka 2001. Fedha ya dhahabu, ya mgodini na ya maduarani, imeleta kwenye vumbi letu jekundu magari ambayo zamani tuliyaona mijini tu: Forester na Impreza zenye turbo, Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE. Mapenzi ya magari haya yana mizizi. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, na mwaka 1997 Colin McRae alipoyashinda kwa Impreza, vijana wengi wa Afrika Mashariki waliamua gari lao la ndoto ni lipi. Tatizo linaanza pale gari hilo linapofungwa turbo kubwa zaidi ya ile ya kiwandani, nguvu ikapanda kutoka farasi mia mbili na kitu hadi 350 au 400, na mfumo wa mafuta ukaachwa vilevile au ukabadilishwa kwa kubahatisha.

Kijana mmoja, mfanyabiashara wa hapa hapa, aliniletea Forester ya namna hiyo mwaka jana. "Fundi, ikifika juu inakata," alisema. "Nimeshaifunga pampu ya 255, sasa nataka ya 450." Nikamwomba anipe plagi zake niziangalie. Zilikuwa nyeupe kama chaki. Injini ilikuwa inakula hewa nyingi kwa mafuta machache, na joto lilikuwa limeanza kula plagi. Baada ya plagi, zamu ni ya pistoni.

Tuanze na presha. Kwenye gari lenye turbo na regileta ya kawaida, pampu inasukuma petroli hadi kwenye nozeli kwa presha ya bar 3 hivi. Hiyo ni wakati hewa ya ndani ya manifoldi iko sawa na ya nje. Turbo ikianza kazi, manifoldi inajaa hewa iliyobanwa, tuseme bar 1.2 juu ya hewa ya nje, na nozeli sasa inatakiwa kupulizia mafuta dhidi ya hewa inayoisukuma irudi. Ndiyo maana regileta ina kibomba kidogo kinachotoka manifoldi: kila turbo inapoongeza, regileta nayo inaongeza presha ya mafuta kwa kiasi kile kile. Bar 3 zinakuwa 4.2. Turbo ikisukuma 1.5, zinakuwa 4.5.

Sasa rudi duarani. Bar moja ni sawa na kupandisha maji mita 10 hivi. Pampu iliyokuwa inapandisha mita 30 umeidai ipandishe 42, tena katika sekunde zile zile ambazo injini inataka mafuta mengi kuliko wakati wowote. Pampu yoyote ya aina hii, presha ikipanda, lita zinashuka. Namba ya kwenye boksi imepimwa kwa presha ndogo na umeme mzuri, yaani bomba limelala chini mlangoni pa duka. Kinachotakiwa ni chati ya mtengenezaji, ile inayoonyesha lita kwa saa katika kila presha. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha chati anakuuzia namba.

Mahitaji ya injini ni hesabu ndogo. Injini ya petroli yenye turbo, ikivuta kwa nguvu zote na ikilishwa mafuta ya kutosha kuipoza, inakula takribani lita 0.4 kwa saa kwa kila farasi mmoja. Ninazungumzia nguvu ya injini yenyewe, kabla giaboksi na difu hazijachukua sehemu yao. Farasi 300 ni lita 120 kwa saa, 400 ni 160, 500 ni 200. Ongeza robo ya akiba, kwa sababu pampu huzeeka na chujio hujaa. Kijana wangu alitaka farasi 350: lita 140, na akiba yake 175. Turbo yake ilisukuma bar 1.2. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja tu: je, pampu hii inatoa lita 175 kwa saa kwa presha ya bar 4.2? Pampu halisi ya 255 ya presha kubwa inaweza kazi hiyo bila kutokwa jasho. Sasa kwa nini injini yake ilikuwa na njaa?

Hapa ndipo pa kukaa, maana ndipo wengi wanapopotea. Pampu ni mota, na mota inakwenda kwa volti inazopata. Watengenezaji wengi hupima kwa volti 13.5. Waya wa kiwandani unaotoka mbele ya gari hadi tangini ulikusudiwa pampu ndogo. Una miaka 20, umepita kwenye swichi na viunganishi vyenye kutu, na vumbi letu limeingia kila mahali. Ukiufunga kwenye pampu yenye njaa ya umeme, volti zinapotea njiani. Nilichomeka mita kwenye waya wa pampu ya kijana yule, nikamwomba rafiki yake akanyage mafuta. Kwenye betri palikuwa na 13.6. Kwenye pampu, 11.2. Upungufu wa namna hiyo unaweza kuondoa sehemu kubwa ya lita, na presha ikipanda hasara inaongezeka. Angefunga 450 kwenye waya ule ule, ingevuta umeme mwingi zaidi, volti zingeshuka zaidi, na kiunganishi cha plastiki kilicho juu ya tangi la petroli kingeanza kuyeyuka. Nimekiona kiunganishi kilichoyeyuka hivyo. Sitaki kukiona tena.

Dawa ni ya bei ndogo kuliko pampu yoyote: waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi nyuma, fyuzi karibu kabisa na betri, rilei inayowashwa na ule waya wa zamani, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Subaru kadhaa zenye turbo, na Supra za 2JZ-GTE, zina kifaa kinachopunguza umeme wa pampu injini ikiwa haina mzigo. Fundi lazima ajue kama gari lina kifaa hicho kabla hajakata waya wowote.

Ubaya wa pampu kubwa kupita kiasi hausemwi vya kutosha. Mafuta yasiyotumika hurudi tangini kupitia regileta na bomba la kurudishia. Bomba la kiwandani ni jembamba. Ukilisukumia lita 450 gari likiwa limesimama kwenye foleni ya malori pale njia panda, regileta inashindwa kupitisha, presha inapanda yenyewe, gari linatoa moshi mweusi na kunuka petroli. Halafu petroli hiyo inayozunguka bila kutumika inapitia kwenye joto la injini na kurudi tangini ikiwa ya moto. Sisi tuko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na petroli ya moto hugeuka mvuke mapema kuliko Dar es Salaam. Pampu haiwezi kusukuma mvuke. Mwenye farasi 350 anayefunga 450 amejinunulia matatizo mawili mapya.

Na tangi lenyewe. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na mafuta inayoogelea ndani yake. Anayeweka mafuta ya elfu kumi kila asubuhi na kutembea huku taa ya tangi inawaka anaipika pampu yake polepole. Forester na Impreza zina tangi la mabonde mawili, kwa sababu shafti ya kwenda nyuma inapita katikati, na mafuta ya bonde la pili huvutwa kwa nguvu ya yale yanayorudi kutoka kwenye injini. Fundi akiunganisha vibaya kibomba hicho cha ndani, bonde moja linabaki na lita nyingi huku pampu inanyonya hewa kwenye jingine, na dereva anaapa kuwa ana mafuta.

Uchafu nao una sura ya kwetu. Petroli ya kwenye chupa na madumu ya barabarani huja na mchanga na maji, na chujio la soksi chini ya pampu likiziba, pampu mpya hufa ndani ya wiki chache. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa, uliofanya mamlaka ya nishati, EWURA, ianzishe vinasaba vya mafuta mwaka 2010 na serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12, una madhara ya aina nyingine: injini ya turbo inagonga hata ikiwa na pampu bora. Gari la farasi 400 lijazwe kituoni.

Kuhusu bandia, pampu za Walbro za 255 zinaigwa sana duniani, na boksi linaigwa vizuri kuliko pampu yenyewe. Kwa hiyo mimi siamini boksi lolote. Napima, hivi: gari nje kwenye hewa wazi, injini imezimwa na imepoa, kizima moto mkononi mwa mtu asiyefanya kazi nyingine. Bomba la kurudishia naliingiza kwenye dumu lenye alama za lita. Kibomba cha regileta nakitoa manifoldi na kukijaza upepo kwa pampu ya mkono yenye geji hadi bar ya turbo husika. Betri iko kwenye chaja, mita iko kwenye waya wa pampu. Nawasha pampu peke yake sekunde 60, nazidisha lita kwa 60.

Forester ya kijana yule ilitoa lita 2.3 kwa dakika, sawa na 138 kwa saa. Ilihitaji 175. Tukaacha pampu ile ile. Tukavuta waya mpya, tukafunga rilei, tukabadilisha soksi na chujio la mbele. Volti kwenye pampu zikawa 13.4. Tukapima tena: lita 3.4 kwa dakika, 204 kwa saa. Nozeli zake nazo zilikuwa ndogo kwa farasi 350, kwa hiyo nikashusha msukumo wa turbo hadi zitakapopatikana kubwa na kontrolboksi kupangwa upya, huku kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kikifungwa kwenye egzosi ili aone mwenyewe namba isipande kupita 11.5 anapokanyaga. Fedha ya pampu ya 450 alikuwa nayo mfukoni. Siku ya pili yake akaagiza nozeli.