Kimo Sahihi cha Mashine ya Boti

Mwendo wa boti hautegemei nguvu ya mashine pekee. Hutegemea pia kimo ambacho mashine hiyo imefungwa kwenye ubao wa nyuma.

Kipimo cha kuanzia ni bamba bapa lililo juu ya propela: liwe sawa na sehemu ya chini kabisa ya boti. Mashine ikikaa chini mno, mguu wake hukinzana na maji, huyarusha juu na kula mafuta bure. Ikikaa juu mno, propela huvuta hewa, mlio hupanda ghafla bila mwendo kuongezeka, na pampu ya kupoza hukosa maji.

Mashine hupandishwa tundu moja la bolti kwa mara moja, kisha boti hujaribiwa ikiwa na mzigo wake wa kawaida, hasa kwenye kona. Mchirizi wa maji ya kupoza ukidhoofika, mashine ishushwe mara moja. Mashine iliyoungua kwa joto ni hasara kubwa kuliko mwendo wowote uliopatikana.