Pesa za Neymar ziliishia wapi?

Agosti 2017 Paris Saint-Germain ililipa yuro milioni 222 kuvunja mkataba wa Neymar na Barcelona. Dunia nzima ikajua kwamba Barcelona ina fedha, na kwamba inahitaji mshambuliaji haraka. Muuzaji anayejua uzito wa mfuko wako na ukubwa wa shida yako hana sababu ya kukupunguzia. Borussia Dortmund walikuwa wamemchukua Ousmane Dembélé mwaka mmoja tu nyuma kwa takriban yuro milioni 15; wakamuuza Barcelona kwa milioni 105, nyongeza mbali. Januari 2018 ikawa zamu ya Liverpool kumuuza Philippe Coutinho, tena kwa zaidi ya hapo.

Mwezi huohuo Liverpool walimsajili Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75, rekodi kwa beki, na wengi wakacheka. Lakini ghali si lazima iwe hasara. Hasara ni kulipia usichokipata.

Mimi huvutiwa zaidi na wale wa bei rahisi. Mei 2019 Barcelona, Coutinho akiwa kikosini, walifungwa 4-0 na Liverpool pale Anfield. Andy Robertson alitoka mapumziko kwa maumivu, akaingia Georginio Wijnaldum, akafunga mawili. La pili kwa krosi ya Xherdan Shaqiri. Watatu hao walitoka katika timu zilizoshuka daraja: Hull, Newcastle na Stoke. Robertson aligharimu takriban pauni milioni 8.

Kwa nini huko? Klabu iliyoshuka hupoteza sehemu kubwa ya mapato ya televisheni huku mishahara ikiendelea, kwa hiyo inalazimika kuuza. Na mashabiki, hata baadhi ya makocha, humhukumu mchezaji kwa msimamo wa ligi, ilhali timu hushuka kwa makosa ya wengi. Takwimu husaidia kumtenga mmoja na wenzake: nafasi anazotengeneza, ubora wa nafasi anazopiga, kasi ya kurudi kukaba. Ndivyo idara ya takwimu ya Liverpool, chini ya Ian Graham, mwanafizikia, ilivyomtetea Mohamed Salah mwaka 2017, wakati wengi walimkumbuka kama mchezaji aliyeshindwa Chelsea.

Takwimu hazimalizi kazi. Skauti bado anatakiwa kwenda uwanjani, na mhasibu kujumlisha mshahara na umri: aliyefikisha miaka 29 huwezi kutegemea kumuuza tena kwa faida.

Kisha kuna kosa la kununua kwa dharura, na hapa Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Januari 1, 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley, aliumia goti. Kabla mwezi haujaisha Mbwana Samatta, mmoja wa wafungaji wakubwa wa Ubelgiji msimu uliotangulia akiwa Genk, alikuwa Villa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini aliingia katikati ya msimu, kwenye timu iliyokuwa ikihangaika kubaki ligi kuu, na mipira ilimfikia kwa nadra. Alifunga bao moja la ligi, na jingine katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Sioni kwamba Samatta alikuwa mshambuliaji mbaya. Alinunuliwa kuziba pengo, na dirisha dogo la Januari ndilo soko baya kuliko yote kwa mnunuzi mwenye haraka.