Kuvuta boti kubwa kwa gari: uliza breki kabla ya kuuliza nguvu

Kikundi cha wavuvi kikishapata boti ya faiba, iwe kwa mkopo au kwa michango ya wanachama, furaha ikipoa swali linalobaki ni hili: tutaifikishaje dikoni? Wasikilizaji wetu kutoka Kunduchi, Mlingotini hadi Saadani wanauliza gari gani linafaa kuivuta. Mmoja anataja Noah ya mwenyekiti, mwingine Hilux ya kukodi, mwingine anasema bila Land Cruiser msihangaike. Hapa tunazungumzia boti ya futi 23 hivi, yaani mita 7, yenye mashine mbili nyuma. Si ngalawa ya kusukumwa na vijana wanne.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Muuzaji akikwambia boti ina kilo 1,000, anakutajia ganda tupu. Mashine mbili za nguvu 40 zinaongeza kilo 150 hivi. Petroli lita 200 ni karibu kilo 150 nyingine. Nanga, kamba, nyavu na sanduku la barafu, tuseme kilo 100. Kisha kuna kitu ambacho watu hukisahau kabisa: tela yenyewe, ambayo kwa boti ya ukubwa huo inaweza kufika kilo 500. Jumla ni kilo 1,900, karibu mara mbili ya ile namba ya dukani.

Sasa, je, Noah inaweza kuvuta kilo 1,900? Ukiuliza kama inaweza kuondoka nayo kwenye lami tambarare, huenda ikaondoka. Hilo ndilo linalowaponza watu. Gari linaondoka vizuri, dereva anapata moyo, wanachama wanapiga makofi. Shida inakuja kilomita kadhaa mbele, bodaboda inapokatiza ghafla pale Bunju au Mapinga na dereva anakanyaga breki. Breki za gari hilo zilitengenezwa kusimamisha gari na abiria wake. Sasa zinasimamisha gari, abiria na karibu tani mbili zinazosukuma kwa nyuma. Gari jepesi husukumwa mbele, na kama limekata kona kidogo, tela huligeuza likakaa ubavu barabarani.

Ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya, na Australia pia, haziruhusu tela isiyo na breki zake yenyewe kuzidi kilo 750, hata kama gari linaloivuta ni kubwa. Zaidi ya hapo tela lazima iwe na breki. Iliyozoeleka ni ile inayojifunga yenyewe: gari likipunguza mwendo, tela husukuma kichwa chake mbele, na msukumo huo ndio unaofunga breki kwenye magurudumu ya tela. Kwa hiyo mkienda kwa fundi kuchomelea tela, ombeni breki kabla ya kuomba rangi. Tela nyingi tunazoziona huku zimeundwa kwa ekseli ya gari lililochakaa, na ngoma za breki bado zipo pale pale, ila hakuna aliyeziunganisha.

Kuhusu gari lenyewe, kanuni tunayoipendekeza ni rahisi: mzigo wote wa nyuma usizidi uzito wa gari linalovuta, na ukiwa chini yake ni vizuri zaidi. Noah na RAV4 zinatoka kwenye hesabu hapo hapo. Hilux ya dizeli ya magurudumu yote manne, ikiwa nzima, inaifanya kazi hiyo kwa kilo 1,900 kama tela ina breki. Land Cruiser ya pikapu inaifanya kwa utulivu zaidi kwa sababu ni nzito na chesisi yake ni imara. Boti ya futi 28 au 30, kama zile za kubeba watalii, ikiwa na mashine kubwa na tela yake inaweza kuvuka tani 3, na hapo hata Land Cruiser iko mwisho wa uwezo wake.

Hapa kuna mtego. Utasikia mtu akisema Hilux inavuta tani tatu na nusu, ameona mtandaoni. Ni kweli kwamba baadhi ya Hilux za dizeli zinazouzwa Australia zimetajwa hivyo, kwa tela yenye breki. Lakini magari yetu mengi yametumika Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kushuka bandarini Dar es Salaam, na jina moja la gari linaweza kubeba injini, breki na springi tofauti kulingana na nchi lilikouzwa. Angalia kitabu cha gari hilo hilo. Kama hakipo, shikilia kanuni ya uzito.

Chuma cha kuvutia nacho kifungwe kwa bolti kwenye chesisi. Kuchomelewa kwenye bampa hakutoshi. Weka na minyororo miwili ya akiba inayopishana chini ya kichwa cha tela, ili kikichomoka kianguke juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Kuna jambo jingine ambalo boti za mashine hulifanya kuwa gumu. Mashine ziko nyuma, na mara nyingi tangi la mafuta pia, kwa hiyo boti huelemea nyuma ya tela. Tela iliyoelemewa nyuma huanza kuyumba kama mkia wa samaki mara gari linapokimbia, na dereva akishtuka akakanyaga breki kwa nguvu, inazidi. Kichwa cha tela kinatakiwa kuliegemea gari kwa karibu sehemu 1 ya 10 ya mzigo wote. Kwa kilo 1,900 ni kama kilo 190. Kupima si kazi ngumu: azimeni mizani ya mazao kijijini, tela ikiwa tambarare mkiweke kichwa chake juu ya mizani, msome. Kikiwa chepesi, sogezeni boti mbele. Mafuta na nyavu visafirishwe kwa gari jingine; hapo mmeshapunguza kilo 200 bila gharama yoyote.

Mwendo nao ni sehemu ya uzito. Ukikimbia mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, na barabara inapita katikati ya makazi karibu njia nzima: Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo. Ondokeni alfajiri, kukiwa kumepambazuka vya kutosha kuonekana. Pimeni upana wa boti pia, kwa sababu mzigo unaozidi mita 2.65 unahitaji kibali maalumu barabarani. Wanaoelekea Saadani kupitia Makurunge wafikirie mvua za masika, kwani udongo mweusi wa upande ule ukilowa haujali gari lina jina gani.

Mkishafika, kazi inabadilika kabisa. Lami inataka uzito na breki. Ufukwe unataka mshiko. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, na wakati wa bamvu tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, kwa hiyo maji yakitoka yanaacha mchanga mrefu na laini. Gari zuri lililotoka Dar bila wasiwasi linaweza kuzama hapo hadi ekseli huku maji yakirudi. Kwenye bamvu maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, basi fikeni mapema, mngojee maji yawafuate badala ya kuyafuata nyinyi.

Msipeleke gari kwenye maji. Liacheni juu kwenye mchanga mgumu, fungeni kamba ndefu imara ya mita 30, mshushe tela polepole. Punguzeni upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, mjaze tena kabla ya kurudi lami. Trekta la kukodi, kama lipo kijijini, linashinda gari lolote kwa kazi hii ya dakika ishirini. Na watoto wakae mbali na kamba, mbali kuliko urefu wake: kamba iliyokazwa ikikatika inapiga kama mjeledi na inaua.

Kabla magurudumu ya tela hayajagusa bahari, yaache yapoe. Beringi zikiwa za moto, maji baridi huzifanya zivute chumvi ndani, na safari ijayo zinakwama njiani. Baada ya kazi, osheni kila kitu kwa maji baridi ya kisima, mpake grisi.

Tunawaambia pia jambo ambalo wauza tela hawatawaambia. Kama boti inasafiri mara moja tu, kutoka inakotengenezwa hadi dikoni kwenu, msinunue tela wala kutafuta Land Cruiser. Kodini Fuso. Bodi la Canter ni fupi kwa boti ya mita 7, lakini Fuso linaibeba, mkiweka magunia ya pumba au matairi ya zamani chini ya mkuku na kuifunga pande zote. Na kama imeshasajiliwa TASAC, ina mashine na maboya ya kuokolea, kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo kwa bahari haizidi sana kilomita 45. Siku ya bahari tulivu, nahodha mzoefu anaifikisha mwenyewe, na hakuna bodaboda njiani.