Kubadili Matairi Makuukuu ya Trekta la Bustani

Waonapo tairi kuukuu la trekta dogo la bustani limegandamana na rimu kwa kutu, watu wengi hudhani kwamba kazi iliyo mbele yao ni ya misuli na nyundo, ilhali aliyelitazama vyema umbo la rimu hujua kwamba kazi hiyo yataka maarifa zaidi kuliko nguvu.

Kwanza trekta lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yatiwe kabari, na nati za gurudumu la nyuma zilegezwe kabla ya kupandisha jeki. Kisha ekseli iegemezwe juu ya gogo imara, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Gurudumu la mbele aghalabu halina nati, bali huzuiwa na pini na washa kwenye ncha ya ekseli, nayo ekseli hiyo sharti ipakwe grisi kabla ya kulirudisha.

Upepo wote ukiisha kutolewa kwa kufungua kisindano kilichomo ndani ya vali, kingo za tairi hubanduliwa pande zote mbili. Hapo ndipo penye siri: katikati ya rimu mna bonde, na ukingo wa tairi, wenye waya za chuma zisizovutika, hauwezi kuuvuka mdomo wa rimu mpaka upande wa pili wa ukingo huohuo ukanyagwe ukaingia bondeni. Asiyezingatia hayo hupinda rimu na kukata waya.

Kabla ya kuvika tairi jipya, kutu isuguliwe, kingo zipakwe maji ya sabuni, na mshale ulio ubavuni uelekee mzunguko wa kwenda mbele. Upepo utiwe kidogo kidogo, bila kuzidi kipimo kilichoandikwa ubavuni, na abadan mtu asiwashe petroli ili kuzikalisha kingo, kwani tairi hupasuka likaua. Matairi haya aghalabu hutosheka na paundi 10 hadi 14 kwa inchi ya mraba. Na upepo mchache namna hiyo, unaoliacha tairi litandae na kuushika udongo, ndio fadhila waliyoipata wakulima wa Marekani mwaka 1932, kampuni ya Allis-Chalmers ilipoleta trekta lake la Model U lenye matairi ya upepo badala ya magurudumu ya chuma. Basi mwenye trekta asione haya kununua kipima upepo, maana chombo hicho kidogo humlinda yeye mwenyewe, na tairi, na shamba lake.