Saini Hukutia, Gesi Imetoka

Barua huja kwa posta, ndani ya bahasha ya kawaida, na mara nyingi huja kwa jina la marehemu. Inamtaja babu aliyezikwa miaka mingi iliyopita, inataja kipande cha ardhi kwa namba, kisha inasema kuna kampuni inataka kukodi haki ya gesi iliyo chini yake. Mkataba umeambatishwa, na mahali pa kutia saini pamewekwa alama. Katika parishi, yaani wilaya, za DeSoto na Caddo, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Louisiana, barua za namna hii zilimiminika mwaka 2008, baada ya kampuni ya Chesapeake kutangaza kwamba mwamba wa Haynesville, ulioko kilomita tatu na zaidi ardhini, umesheheni gesi. Ekari iliyokuwa ikikodishwa kwa dola mia chache ikapanda bei mwezi hadi mwezi, na wapo waliolipwa zaidi ya dola 20,000 kwa ekari moja, kwa kutia saini tu, kabla tone la gesi halijatoka.

Walio wengi walisaini. Mimi nawafikiria wale ambao hawakusaini. Mmoja aliona bei ni ndogo akasubiri ipande. Mwingine alihofia maji ya kisima chake cha kunywa. Mwingine barua haikumfikia, kwa sababu alihamia mji mwingine na hakujua kwamba ana fungu katika ardhi ya bibi yake. Wote watatu huamini jambo moja: nisiposaini, hakuna anayegusa changu. Imani hiyo ni ya kawaida, tena ya haki. Lakini sheria za majimbo mengi ya Marekani haziifuati.

Msomaji wa Mtwara au wa Kilwa atauliza kwanza: mtu binafsi anamilikije gesi? Kwetu jibu ni fupi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inahesabu madini na mafuta yote kuwa ardhi ya umma, na Tanzania sheria inaiweka gesi yote mikononi mwa Jamhuri. Mkulima ana shamba, ila kilichoko chini kabisa si chake. Wananchi wa Mtwara walipoingia barabarani mwaka 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, walidai fungu la mkoa katika mali ya taifa. Marekani imeshika njia ambayo nchi chache mno duniani zimeishika: mwenye ardhi anamiliki na kilicho chini yake, na anaweza kuvitenga viwili hivyo. Anaweza kuuza shamba akabakiza gesi, au akauza gesi akabaki analima. Gesi iliyobakizwa hurithiwa kama ng'ombe wa ukoo, na kila msiba unaigawa zaidi, mpaka unakuta mtu ana sehemu moja ya thelathini na mbili ya ekari ambazo hajawahi kuzitia machoni. Ndiyo maana barua huja kwa jina la babu.

Sasa gesi haijui mipaka. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilikabiliwa na swali hilo ikaifananisha gesi na mnyama wa mwitu: leo yuko kwako, kesho kwa jirani, na ni mali ya anayemkamata. Kutoka hapo ikajengeka kanuni iliyotawala visima vya Marekani kwa zaidi ya karne: jirani akichimba kwake, gesi ikahama kutoka kwako ikaingia kisimani mwake, hana deni kwako. Dawa yako ni kuchimba cha kwako.

Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za visima vifupi vya wima. Leo kisima kinashuka kilomita kadhaa, kinapinda, kinalala na kutambaa ndani ya mwamba kwa kilomita mbili au zaidi, na gharama yake ni mamilioni ya dola. Nani mwenye ekari 10 anaweza kuchimba cha kwake? Zaidi ya hapo, gesi iliyomo katika mwamba wa sheli, yaani tope la kale lililogandamana likawa jiwe, haitangitangi kama mnyama. Imefungwa. Hutoka pale tu mwamba unapopasuliwa kwa maji ya shinikizo kubwa yaliyotiwa mchanga na kemikali.

Familia moja ya kaunti ya Susquehanna, Pennsylvania, yenye ekari 11 hivi zisizo na mkataba, ilizipeleka hoja hizo mahakamani mwaka 2015. Kampuni ya Southwestern Energy ilikuwa na visima katika ardhi ya jirani. Familia ilisema: gesi yetu isingesogea kamwe kama msingepasua mwamba, basi huku si kukamata mnyama, huku ni kuvunja zizi. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya jimbo iliikubali hoja yao. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaitengua hukumu hiyo: kanuni ya 1889 inafanya kazi hata kwa visima vya kupasua mwamba, isipokuwa ithibitike kwamba nyufa na maji vimevuka mpaka na kuingia kwa jirani. Texas ilikuwa imeshaikubali kanuni hiyo kwa visima vya kupasua mwamba mwaka 2008. Nenda sasa ukathibitishe ufa ulioko zaidi ya kilomita moja chini ya miguu yako. Mzigo huo amebebeshwa mtu asiye na vyombo wala fedha za wataalamu, na naona ni mzigo usio wa haki.

Pennsylvania ina jambo jingine la kutazamwa. Sheria yake ya mwaka 1961 ya kuunganisha wamiliki kwa lazima inahusu miamba ya tabaka la Onondaga na iliyo chini yake. Mwamba wa Marcellus, wenye gesi inayogombewa, umelala juu tu ya Onondaga. Kwa hiyo asiyesaini katika Marcellus halazimishwi kitu, na halipwi kitu.

Majimbo mengine yalichukua mkondo tofauti. Fujo za visima vya mafuta vilivyobanana, kila mtu akivuta haraka kabla ya jirani, ziliyafundisha kugawa ardhi katika vitalu vya pamoja. Kitalu kimoja mara nyingi ni ekari 640, yaani maili moja ya mraba. Kinachotoka kisimani hugawiwa kwa wote waliomo kitaluni kwa kadiri ya ekari zao, awe amesaini au hakusaini. Naukubali mpango huu kuliko ule wa mnyama wa mwitu. Shida iko katika masharti ya yule asiyesaini.

Oklahoma, ambako sheria ya namna hii ni ya tangu 1935, kampuni inakwenda mbele ya Tume ya jimbo na kuomba amri. Amri ikitoka, humwekea mmiliki meza ya kuchagua: fedha taslimu zaidi na mrabaha mdogo, au fedha kidogo na mrabaha mkubwa, au kuchangia gharama za kuchimba na kula faida kama mbia. Kwa kawaida anapewa siku 20. Zikipita bila jibu, huhesabiwa amekubali fedha zilizotajwa katika amri, na mlango wa ubia hufungwa. Kimya chake kimesomwa kama saini. Asipopatikana kabisa, fedha zake hukaa katika akaunti ya amana zikingoja mrithi ajitokeze. Wapo wanaojitokeza baada ya miaka mingi, kwa sababu tu binamu mmoja alikuta jina la bibi kwenye orodha.

Louisiana haina meza hiyo. Asiyesaini anaingizwa kitaluni na kuhesabiwa kama mwenye fungu zima la gesi yake, siyo mrabaha tu. Kampuni hujirudishia kwanza gharama za kuchimba kutoka katika fungu lake, na baada ya hapo yeye hupokea sehemu yake yote, ikipunguzwa gharama za kuendesha kisima. Kisima kisipozaa, hadaiwi chochote mfukoni. Na ile faini ya hatari, ambayo kampuni mbia isiyochangia hukatwa zaidi ya gharama halisi, yeye hakatwi.

Tuchukue mfano, tuziweke kodi kando. Una ekari 10 katika kitalu cha ekari 640: fungu lako ni asilimia 1.5625. Kisima kimegharimu dola milioni 10. Tuseme maisha yake yote kimeuza gesi ya dola milioni 20 na kuendeshwa kwa milioni 2. Jirani aliyesaini kwa mrabaha wa robo, mwenye ekari kama zako, anapata dola 78,125 pamoja na fedha za saini. Wewe unapata 125,000, lakini baada ya kungoja gharama zirudi, pengine miaka. Kisima kikiuza milioni 11 tu, kikaendeshwa kwa milioni moja, jirani anapata karibu dola 43,000 na wewe hupati hata senti. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kusaini ni ujinga siku zote, wala kwamba kukataa ni ushujaa siku zote. Mfano wenyewe unategemea namba moja, gharama ya kisima, na namba hiyo inaandikwa na kampuni.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Gesi ikishatoka hukusanywa, hukaushwa, hushindiliwa, husafirishwa hadi sokoni. Je, gharama hizo za baada ya kisima nazo zikatwe kwa mtu ambaye hakukubaliana na yeyote? Swali hili limezunguka mahakamani Louisiana kwa miaka, likafika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo. Hata aliyesaini hayuko salama: Pennsylvania sheria ya 1979 inamhakikishia mrabaha usiopungua moja ya nane, lakini mwaka 2010 mahakama ilisema gharama hizo zinaweza kukatwa kabla ya kuipigia hesabu hiyo moja ya nane.

Neno kwa jamaa zetu walioko huko. Fort Worth, Texas, ambako familia nyingi za Kikongo zimeweka makazi, visima vya mwamba wa gesi wa Barnett vimechimbwa mpaka chini ya mitaa ya watu. Unaponunua nyumba, soma hati mpaka mwisho uone kama muuzaji amebakiza gesi. Mara nyingi amebakiza.

Na aliyeko Louisiana bila mkataba, asikae kimya. Aandike barua ya rejista kwa kampuni inayoendesha kisima, ataje jina na anwani yake, adai hesabu. Sheria inaitaka kampuni imletee, ndani ya siku 90 tangu kisima kikamilike, mchanganuo wa gharama, kipengele kwa kipengele, chini ya kiapo. Siku zikipita, aandike barua ya pili kuikumbusha. Kampuni ikiendelea kunyamaza siku 30 zaidi, inapoteza haki ya kumdai mchango wa gharama za kuchimba. Katika mfano wetu, zile ekari 10 hazingojei tena milioni 10 zirudi. Zinaanza kulipwa tangu gesi ya kwanza, na mwisho wa kisima ni dola 281,250.